Muvi za kina Kendrick: mi naona uanze na ile ya kina baba

Mama mmoja wa ushirika wetu huku Mikindani, Mombasa, aliniuliza juzi katika hizi muvi za Kikristo aanze na gani kuangalia na bwanake, ambaye kanisani anaingia Krismasi na siku za harusi basi. Nkamwambia War Room usianze nayo. Akashangaa juu hiyo ndo kila mtu anaisifu, na mi pia naipenda, lakini wacha nieleze.

Hizi muvi ni za ndugu wawili wa Marekani, Alex na Stephen Kendrick, walizianzia kanisani kwao kule Albany, Georgia, na zile za mwanzo waigizaji wengi walikuwa washirika tu wa kawaida waliojitolea. Facing the Giants ya 2006 ilitumia kama dola laki moja hivi, ambayo kwa muvi ya Marekani si kitu kabisa, na ikapita dunia nzima. Hiyo ndo ya kwanza tuliangalia sisi kina mama pale kwangu sebuleni, na hapo ndo nlipata shida nayo. Ni kocha wa timu ya shule, timu inafungwa kila mechi, gari lake bovu, mke hashiki mimba. Anamgeukia Mungu, na yote yanakuja, timu inachukua ubingwa, anapewa pikapu mpya, mshahara unapanda, mke anapata mimba. Sasa siku hiyo tulikuwa na dada mmoja ambaye ameomba mtoto miaka 11. Ile sehemu ya mimba ilipofika kila mtu anapiga makofi haleluya, yeye akainuka akaenda jikoni, nlipomfuata nkamkuta anaosha vikombe ambavyo nlikuwa nshaviosha mimi mwenyewe. Hatukuongea. Nlichukua kitambaa nkawa napangusa.

Tangu hapo muvi ya imani mi naiuliza swali moja, huyu mtu angenyimwa alichoomba bado angebaki na Mungu?

Ndo maana nasema Courageous, ya 2011. Ni polisi wanne na rafiki yao fundi wa ujenzi, wote ni baba, na kila mmoja ana pengo lake nyumbani. Mmoja, Adam, ana binti mdogo wa miaka 9 anayemwomba wacheze densi hapo nje, baba anaona haya, hachezi. Alafu mtoto anauawa na dereva mlevi. Na harudi, maombi hayamrudishi, baba anabaki na Mungu akiwa amevunjika hivo hivo. Baadaye anarudi pale pale kwenye nyasi anacheza peke yake na mikono ameishika kama amemshika mtu. Wapendwa mi nimeiona mara nne na bado sijaweza kuiangalia hiyo sehemu bila leso.

Bwanangu anafanya shifti bandarini, siku nliyokuwa naiangalia alikuwa ametoka ya usiku, akaingia na buti zake akasimama mlangoni kama mtu anayepita tu kwenda kulala. Alisimama mpaka akaketi kwenye mkono wa kochi, buti bado ziko miguuni. Hakusema chochote. Jumapili jioni akamwambia binti yetu vaa viatu, wakaenda wawili peke yao pale bustani ya Mama Ngina baharini kula mihogo ya kukaanga, mtoto akarudi na pilipili mdomoni na maneno hayaishi, baba kasema hivi, baba kanionyesha meli ile. Mi sikuwa nimemwambia kitu.

Kingine nachoipendea, inawaingia wanaume bila kuwahubiria. Kuna yule polisi anayeiba madawa ya ushahidi na wenzake wenyewe ndo wanamkamata, hakuna kumfichia ati ni rafiki. Kule Marekani wameiweka PG-13, yaani wazazi waangalie walio chini ya miaka 13, kuna kufukuzana na risasi, kwa hivo wadogo sana walale kwanza.

War Room ya 2015 inafuata. Yule bibi Clara anayempa mgeni kahawa ya uvuguvugu ili amuulize kuhusu maombi yake ya uvuguvugu, hiyo sini peke yake ni mahubiri kamili ya Ufunuo 3, ile ya walio si moto si baridi. Na lile kabati la nguo analoingia kuombea ni Mathayo 6:6, ingia katika chumba chako cha ndani. Nyumba zetu za chumba na sebule hazina kabati la mtu kuingia, mi nmebandika karatasi zangu za maombi nyuma ya mlango wa chumbani na kazi inafanyika. Lakini naomba sana kina mama mnielewe hapa. Mume wa yule mgeni kwenye muvi ni mkali wa maneno na anataka kutoka nje ya ndoa, hampigi mkewe. Kama wewe unapigwa, usijifungie chumbani na karatasi ukanyamaza ati ndo imani, omba na uondoke ukaongee na watu wako, na polisi pia. Muvi haikutengenezwa kwa hali hiyo na tusiilazimishe.

Fireproof ya 2008 ni ya wawili waliochokana, siku 40 mwanamume anajifunza kumpenda mkewe upya. Uigizaji kuna mahali ni wa kanisa kabisa. Ila Kirk Cameron, anayeigiza huyo mume, alikataa kumbusu mwanamke mwingine, wakamvalisha mkewe halisi nguo za yule mwigizaji wa kike na kumpiga picha kwa kivuli, na mi namheshimu sana kwa hilo.

Malalamiko yangu makubwa ni lugha. Hizo kopi zote nilizopata ni Kiingereza tupu, mamamkwe ameketi hapo ananiuliza amesemaje, namtafsiria, nakosa maneno matatu yanayofuata. Yeye bado anasifu ile filamu ya Yesu ya 1979 aliyoonyeshwa Kiswahili kwa shuka nyeupe kule kwao Taita, anakumbuka maneno yake hadi leo. Hizi za sasa angalau zipate maandishi ya Kiswahili chini, watu wazima wetu wanaachwa nje.

Jumamosi hii tunaangalia Courageous tena, kwa yule dada wa vikombe, yeye mwenyewe ndo ameomba iwe kwake. Mi nabeba mahamri.