Barkodi za bidhaa: fonti, programu au printa, pesa iende wapi?

Wajasiriamali wengi wanaotaka kuweka barkodi kwenye chupa za asali au pakiti za unga huanza kwa kutafuta fonti ya barkodi, yaani mwandiko unaogeuza herufi na namba kuwa pau (mistari). Fonti huchora pau tu, haipigi hesabu. EAN-13, ile inayosomwa supamaketi, ina tarakimu 13, na ya mwisho hutokana na zile 12 za mwanzo. Chukua 620123456789. Kuanzia kushoto, zidisha tarakimu kwa 1, inayofuata kwa 3, vivyo hivyo hadi mwisho, kisha jumlisha: utapata 107. Ili kufika 110 pamepungua 3, basi 3 ndiyo tarakimu ya ukaguzi. Code 128, aina nyingine ya barkodi inayobeba herufi na namba, nayo hudai alama ya kuanzia, ya ukaguzi na ya kumalizia. Ukiandika ASALI500 kwa fonti yake bila alama hizo, pau zitapendeza machoni, lakini skana haitalia.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza tunaipa programu ya kuunda barkodi, na nzuri zipo za bure: Zint, au Inkscape. Unaingiza namba, inapiga hesabu yenyewe, unahifadhi SVG, aina ya faili la picha linalobaki na kingo kali hata likikuzwa. Usihifadhi JPEG, kingo za pau hufifia.

Ya pili ni fonti ya bure ya Code 39, aina nyepesi zaidi ya barkodi, kama Libre Barcode 39, kwa matumizi ya ndani: rafu za stoo, mafaili, vifaa vya shule. Haidai tarakimu ya ukaguzi. Weka nyota mwanzo na mwisho, *A105*, kwa herufi kubwa. Nyota zikitoweka, zima mpangilio wa Word unaogeuza *neno* kuwa maandishi mazito. Tatizo lake ni urefu: herufi 10 na nyota zake, pau nyembamba ikiwa milimita 0.25 na nene mara tatu yake, hufika milimita 48. Kwenye lebo ya milimita 40 haiingii.

Fonti ya kulipia ni ya mwisho. Inunue tu kama una mamia ya mistari kwenye Excel na inakuja na fomula ya kupiga hesabu ya tarakimu ya ukaguzi. Namba halali za EAN-13 haziji na fonti yoyote; hizo hutolewa na GS1, shirika la kimataifa linalosimamia namba za barkodi, na zinazotolewa Tanzania huanza na 620, Kenya 616.

Pesa yako iweke kwenye printa. Chaguo letu ni printa ya joto inayotumia utepe, 300 dpi (vitone 300 kwa kila inchi). Sababu iko kwenye vitone. Pau nyembamba ya EAN-13 kwa ukubwa wa kawaida ni milimita 0.33, na haitakiwi kushuka chini ya 0.264. Printa ya 203 dpi ina kitone cha milimita 0.125: viwili ni 0.25, havitoshi; vitatu ni 0.375, lebo inapanuka. Kwa 300 dpi, vitone vinne vinatoa takriban 0.34. Utepe wa nta unatosha kwa karatasi. Kwa stika za plastiki au bidhaa yenye mafuta, chukua wa resini.

Printa ya joto isiyo na utepe ni ya pili, kwa bidhaa zinazotoka haraka. Lebo yake hufifia juani. Leza na karatasi za stika za A4 hufaa kwa lebo chache. Printa ya wino wa maji iache, jasho la chupa ya baridi huuchafua.

Chapa nyeusi juu ya nyeupe. Pau nyekundu skana haizioni, maana mwanga wake wenyewe ni mwekundu. Kwa EAN-13 ya ukubwa wa kawaida, acha nafasi tupu ya milimita 3.63 kushoto na 2.31 kulia; wabunifu wengi huijaza fremu, skana ikagoma. Kwenye chupa nyembamba, lebo ilaze ili pau zikae kama vipago vya ngazi, zisipotelee kwenye mviringo.