Wiki ya ofa kwa Mwitaliano wa Kileleshwa: kula bila kuliwa

Katika wiki ya mikahawa, ambapo mikahawa huuza milo kwa bei maalumu, menyu ya ofa ya mkahawa huu wa Kiitaliano wa Kileleshwa, Nairobi, ilikuwa na bei mbili: shilingi 2,000 kwa sahani mbili, au 2,500 kwa tatu, yaani kianzio, mlo mkuu na kitindamlo. Kabla ya kuagiza chochote, omba na menyu ya kawaida. Wiki hiyo mhudumu haileti mwenyewe, lakini ukiiomba utapewa, na hesabu yote iko humo. Bruschetta (mkate wa kuchoma) huuzwa 650 na tagliatelle ya ragù (tambi bapa kwa mchuzi wa nyama) 1,350. Jumla 2,000 kamili, kwa hiyo aliyechukua hizo mbili kwenye ofa hakuokoa hata ndururu. Minestrone (supu ya mboga) ya 600, pizza margherita ya 1,100 na panna cotta (krimu iliyogandishwa) ya 600 ni 2,300. Kwa ofa unaongeza 200 juu ya bei ya siku zote. Nafuu kubwa iko kwenye mchanganyiko huu: saladi ya caprese (nyanya na jibini laini) 950, samaki wa tanuri 1,800 na tiramisu (kitindamlo cha kahawa na jibini) 700. Hapo unakula vya 3,450 kwa 2,500.

Mpango huu wa wiki ya mikahawa ulianzia New York mwaka 1992, mlo wa mchana ukiuzwa dola 19.92 kufuata mwaka wenyewe. Lengo ni kujaza viti, na viti vikijaa vinywaji vinauzika. Ofa hii haikugusa vinywaji: maji ya lita moja 350, glasi ya divai 900. Watu wawili wakila sahani tatu kila mmoja, wakigawana chupa moja ya maji na kunywa glasi moja ya divai kila mtu, ni 7,150. VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 vilikuwa ndani ya bei, ila asilimia 5 ya huduma iliongezwa chini ya bili, ikafika 7,507.50. Bila divai ingekuwa 5,617.50.

Jikoni ndiko kwenye maneno mengi. Mkahawa una meza chache na majiko yaleyale ya kila siku, na wiki hiyo wateja wanamiminika kuanzia saa moja na nusu jioni. Njia ya mpishi kuokoka ni kupika nusu mapema. Tambi huchemshwa hadi zikaribie kuiva, zinapakwa mafuta zisishikane, zinagawanywa kwa mafungu na kuwekwa kwenye friji. Oda ikiingia, zinachovywa maji ya moto kwa dakika moja hivi na kutupwa kwenye mchuzi. Tatizo ni yale mafuta. Yanaizuia rojo kushika, nayo wanga iliyopaswa kuunganisha mchuzi imebaki kwenye maji ya mchana. Dalili iko chini ya sahani: ukisogeza tambi na kuona kidimbwi cha maji chenye miviringo ya mafuta, basi zililala kwenye friji. Spaghetti ilikuwa hivyo. Tagliatelle haikuwa hivyo, kwa kuwa ni tambi mbichi za mayai zinazoiva kwa dakika mbili au tatu, na hakuna haja ya kuzitanguliza. Ragù nayo hupikwa saa nyingi na haiharibiki kwa kungoja. Ilikuwa nzito, nyama imelainika bila kuwa uji, karoti na selari zimeyeyuka humo.

Tambi kavu zina shida nyingine hapa Nairobi hata zikipikwa papo hapo. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Pakiti iliyoandikwa dakika 9 inahitaji 11 au zaidi. Mpishi anayefuata saa ya pakiti bila kuonja anakuletea tambi zenye kiini cheupe cha unga, halafu unaambiwa ndivyo Waitaliano wanavyozipenda. Sivyo. Al dente, yaani uivaji wanaoupenda wao, hukinza jino kidogo tu, haina ladha ya unga mbichi.

Carbonara, tambi za yai na jibini, iachwe. Ilikuja na krimu, jambo ambalo jikoni lenye haraka hulipenda kwa sababu krimu haikatiki, wakati kiini cha yai na jibini ya pecorino vikizidiwa na moto kidogo tu vinageuka mayai ya kukoroga. Risotto ya uyoga, yaani wali wa rojo, pia iachwe jioni. Mchele wake unataka dakika 17 au 18 za kusimamiwa, na usiku wa watu wengi hakuna wa kuusimamia. Gnocchi, vidonge vya viazi, sikuzigusa.

Pizza ndiyo kazi bora ya mkahawa huu, na ajabu ni kwamba ndiyo isiyolipa kwenye ofa. Iagize kwa menyu ya kawaida, 1,100, uishie hapo. Lakini iagize mapema. Tanuri ni la kuni, na pizza zikipishana bila nafasi, sakafu ya tanuri inapoa huku mwali wa juu ukiendelea kuwaka. Iliyotoka saa moja ilikuwa na madoa meusi chini na ukingo uliojaa hewa. Ya saa tatu kwenye meza ya jirani ilikuwa imeungua juu, chini nyeupe kama karatasi. Kinyunya pia huisha: kile kilichochachushwa kwa baridi siku nzima kikimalizika, kinaingia kilichokandwa mchana uleule, na hicho hutafunika kama mpira na kulala tumboni.

Samaki alikuwa mnofu uliopikwa na nyanya ndogo, zeituni na kepa (vichipukizi vya maua vilivyotiwa chumvi). Ameiva sawasawa. Jibini ya caprese ililetwa ikiwa baridi ya friji, haina ladha. Iache mezani dakika 20, itafunguka. Tiramisu haidhuriki na msongamano, maana hutengenezwa siku moja kabla na hunoga kwa kulala. Panna cotta ilizidishwa jelatini, kile kigandishi chake: ukigonga sahani inapaswa kutikisika, hii ilisimama wima.

Kwa wasiokula nguruwe au pombe, menyu ya ofa haikueleza lolote. Ragù ilichanganywa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, tiramisu ilikuwa na ramu, na jelatini ya panna cotta mhudumu hakujua ni ya mnyama gani. Uliza kabla ya kuagiza, tena uliza jikoni.

Wiki kama hiyo ikirudi, nenda mchana, Jumanne hadi Alhamisi, saa saba kasorobo. Bei ni ileile na tambi huchemshwa papo hapo. Ukiweka nafasi kwa simu, taja kwamba unakuja kwa ofa, maana meza za nje hazikuhesabiwa kwenye ofa. Bili ikija, isome kabla ya kulipa kwa M-Pesa: mashine iliandika kila sahani kwa bei ya kawaida, na ofa ikaingizwa kwa mkono baada ya kuulizwa. Marekebisho yalichukua dakika chache, bila ubishi.