Twisheni ya kufuma Majengo, Mtwara: nilifuata mistari mifupi tu

Haya, wale mlioniuliza kuhusu yule mama anayefundisha kufuma barazani kwake pale Majengo, jibu langu ni nendeni. Ila mjue mnachokifuata, sio darasa la ubao na vyeti lile, ni mama, viti vya plastiki na kapu la nyuzi, elfu tano kwa kipindi, sindano anakuazima.

Mi nilikuwa tayari najua kuanzisha vitanzi kwenye sindano, kufuma mbele na nyuma, ile mishono miwili ya msingi, skafu natoa, kofia natoa, soksi ya mtoto ndo ilikuwa inanigomea pale kisiginoni. Kisigino kinataka mistari mifupi, yaani unafuma ila hufiki mwisho wa sindano, unageuza njiani unarudi ulikotoka, vile vitanzi ulivyoviacha vinasubiri zamu yao. Sehemu moja inapata mistari mingi kuliko nyingine, kitambaa kinajikunja chenyewe bila kukata wala kushona. Hivyohivyo ndo sweta linainuliwa nyuma ya shingo lisimkabe mtoto kwa mbele, na bega linapata mteremko.

Shida ni pale unapogeuza, panabaki tundu. Hizo njia zote mnazozisikia ni namna ya kuziba hilo tundu tu, na hapa ndo mama alinipata, maana hakuanza na majina ya njia, alitugeuzisha kwanza hivihivi bila kuziba kitu halafu akasema haya tazameni. Baraza zima matundu, kidole kinapita. Sasa akikuambia uzi unazungushwa huwezi kuuliza wa nini.

Akaanza na ile ya kuzungusha: unahamisha kitanzi kinachofuata bila kukifuma, unapitisha uzi mbele yake, unakirudisha kilikotoka, unageuza. Baadae ukipita tena pale inabidi uunyanyue ule uzi uliokizunguka uufume pamoja na kitanzi chake, na kwa anayeanza kuuona tu ni kazi, hasa upande wa nyuma ndo usiseme. Kwenye kitambaa cha matutamatuta, kile cha kufuma mbele kwenda na kurudi, unaweza kuuacha tu, unajificha wenyewe.

Ya pili ya Kijerumani, na kwa maoni yangu anayeanza aanzie hapa hapa hata hiyo ya kwanza asiiguse. Ukishageuza, uzi uwe mbele, unahamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma kisha unavuta uzi kwenda juu na nyuma ya sindano mpaka kitanzi kinapanda na miguu yake miwili inakaa juu ya sindano. Utadhani viwili, ni kimoja, kihesabu kimoja!! Ukikifikia tena unafuma miguu yote miwili kwa pamoja, kwisha. Mama anakuja nyuma yako anakushika mkono kabisa, "vuta mwanangu, vuta usiogope", na kweli ukivuta kwa woga tundu linarudi palepale. Hiki ndo YouTube hawakupi, kule mtu anageuza fasta, we sindano mkono huu uzi mkono ule, kurudisha video nyuma utatumia pua, na bando nalo linakata.

Anaponiudhi ni kwenye mahesabu. Mfano kisigino chenye vitanzi 24 unaweza kukigawa 8 pembeni, 8 katikati, 8 pembeni, unajua kabisa unageuzia wapi. Mama yeye anakadiria kwa macho, ukimuuliza mbona umegeuza hapa anakujibu "si unaona mwenyewe". Sioni mama! Kwahiyo nendeni na daftari, andikeni wenyewe, yeye haandiki kitu.

Uzi bebeni wenu, mnene kidogo na wa rangi nyepesi, krimu au njano ya mbali, na sindano za milimita 4 au 5. Lile kapu lake limejaa nyeusi na bluu iliyoiva, miguu miwili ya kitanzi kwenye uzi mweusi hata uwe na macho ya kunguru huioni. Na mchana joto letu mnalijua, mkono ukitoa jasho uzi unagoma kuteleza, chagueni asubuhi.

Halafu wale wa "Mtwara na sweta wapi na wapi", vichanga hapahapa mjini wanavishwa kofia na soksi, na mwenye ndugu Newala kule juu amuulize asubuhi za Julai zikoje.

Jumamosi pananijazia sana, maongezi mengi mkono hauendi, bora siku za kati. Na msimu wa korosho mama anahamia shamba, hafundishi mpaka amalize kuokota, anayetaka awahi kabla ya Septemba kuisha.