Uzoefu wangu wa kukodi gari-nyumba Dar es Salaam: gari ni zuri, makabidhiano yana kasoro

Katika sikukuu ya Nane Nane ya mwaka 2025, ambayo iliangukia Ijumaa, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulikodi gari-nyumba kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa Dar es Salaam, tukaenda kulala nalo ufukweni Mjimwema, Kigamboni, kwa siku mbili. Gari lenyewe ni Toyota Hiace, ndugu wa zile tunazozipanda kama daladala, isipokuwa hii ilitengenezwa Japani kwa ajili ya kusafiri na kulala: viti vya nyuma hugeuka kitanda, na mna sinki, friji ndogo, makabati na meza ya kukunja. Udugu wake na daladala haujifichi. Tulipokuwa tunapita Buguruni watu wawili walitupungia mkono tusimame, na mmoja wao, alipoona tumempita na viti vitupu, alitutazama kwa hasira ambayo hata mimi ningekuwa nayo.

Sina ugomvi na gari. Ninachotaka kukieleza ni kwamba Ijumaa ilituchukua saa mbili kasoro dakika chache kuliweka tayari kwa kulala, na Jumamosi, mahali palepale na kwa vifaa vilevile, ilituchukua dakika 25. Tofauti hiyo yote ilitokana na kujua kipi kitangulie na kipi kifuate, jambo ambalo mwenye gari angeweza kutueleza kwa robo saa kabla hajatukabidhi funguo. Badala yake alituonyesha redio, kamera ya kurudia nyuma na namna ya kukunjua kitanda, akapokea dhamana yake, na nilipomuuliza kuhusu umeme akanijibu, "Mkifika mnachomeka tu, dada." Neno hilo nitalirudia baadaye.

Kutoka Tabata tulipita Barabara ya Mandela, kisha Daraja la Nyerere, ambalo tangu lifunguliwe mwaka 2016 limewaondolea wenye magari ulazima wa kusubiri pantoni. Ninamshauri yeyote atakayekodi gari la aina hii apite darajani na alipe tozo bila kunung'unika. Mkia wa gari ni mrefu na umefungwa ngazi ya kupandia juu, na kwenye mteremko wa kuingilia pantoni, hasa maji yakiwa yamekupwa, gari lenye mkia mrefu huburuza tumbo.

Tulifika kambini saa kumi na moja na nusu jioni, na hapo ndipo tulipofanya kosa la kwanza, lililozaa mengine. Tuliona nafasi nzuri karibu kabisa na mchanga, tukarudi kinyumenyume ili mlango wa nyuma uitazame bahari na tuweze kuliona jua likichomoza tukiwa kitandani. Mume wangu alizima injini, watoto wakateremka na vyombo, mimi nikaanza kukunjua meza. Dakika kumi baadaye upepo ulikuwa umekwisha jaza mchanga ndani ya sinki, ndani ya mashuka, na kwenye wali tuliokuwa tumeubeba kutoka nyumbani.

Mlinzi wa kambi, mzee wa makamo aliyevaa koti zito licha ya bahari kuwa mbele yetu, alikuja taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Poleni na safari. Hili gari mmeliweka kinyume."

Alituonyesha mambo matatu kwa fimbo yake bila haraka. La kwanza lilikuwa upepo: mwezi wa nane ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini, na mlango wa kuteleza wa Hiace uko kushoto, kwa hiyo gari lililoipa bahari mgongo mahali ambapo ufukwe unatazama mashariki huwa limeuelekeza mlango wake kusini, kwenye kinywa cha upepo. La pili lilikuwa mstari wa mwani mkavu na vijiti uliopita hatua chache tu kutoka magurudumu yetu. "Hapo ndipo maji yalipofika leo alasiri," alisema, "na kesho mwezi mpevu. Hii ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, haijamaliza kupanda." La tatu hakulitamka, aliinua tu fimbo kuelekea kwenye mnazi uliokuwa juu ya paa letu, nasi tukainua macho na kuziona nazi.

Tulirudisha kila kitu ndani na kuligeuza gari. Pua ilielekea baharini, nyuma ya mstari wa mwani kwa umbali wa kutosha, mbali na minazi, juu ya ardhi ngumu yenye nyasi. Kwa mkao huo mlango ulitazama kaskazini, gari lenyewe likawa ukuta wa kuzuia kusi, na kesho yake mchana niligundua faida nyingine ambayo sikuitarajia. Mwezi wa nane jua letu la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo turubai la kivuli lililofungwa upande wa mlango lilikuwa limekaa palepale lilipohitajika. Atakayekwenda mwezi wa kwanza, wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, ageuze hesabu hiyo yote.

Ikafuata kazi ya kulisawazisha. Nilikuwa nikidhani hilo ni jambo la mapambo, mpaka nilipojilaza kujaribu kitanda na kuhisi damu ikinijaa kichwani. Ndani ya gari mna mbao nne na kabari nne, vifaa vizuri kabisa, lakini hakuna pimamaji, hivyo tuliweka sahani bapa yenye maji mezani, tukaitazama inakoegemea. Upana kati ya magurudumu ya Hiace haufiki mita moja na nusu, kwa hiyo ubao wenye unene wa sentimeta tano chini ya magurudumu ya upande mmoja hurekebisha karibu nyuzi mbili za mwinamo, na hicho ndicho kiasi tulichohitaji. Utaratibu ni kuuweka ubao mbele ya gurudumu, kupanda juu yake polepole, kuvuta breki ya mkono, kisha kubana kabari kabla mtu yeyote hajaingia ndani. Friji ya gari hili ni ya kompresa na haijali sana mwinamo, tofauti na zile zinazoendeshwa kwa gesi, ambazo huharibika zikiwashwa kwa muda mrefu zikiwa zimeinama. Lakini sinki halitoi maji yote, na mtoto mdogo hubingirika usiku kucha kumwelekea mwenzake.

Sasa umeme. Kambi ina nguzo yenye soketi za kawaida, volti 230 kama majumbani mwetu. Gari lina waya wake mrefu, na ncha yake ilikuwa imekatwa na fundi na kufungwa plagi ya pini tatu bapa, ileile ya pasi na ya feni, bila alama yoyote. Mume wangu alikwisha ishika mkononi, amebakiza hatua mbili kufika kwenye nguzo, ndipo binti yetu wa darasa la sita, aliyekuwa amechuchumaa ubavuni mwa gari akisoma kila kibandiko anachokiona, akauliza, "Mama, mbona hapa pameandikwa volti 100?"

Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Wajapani, likiwa na chaja ya betri, soketi na taa za mfumo huo, lingekuwa limepokea zaidi ya mara mbili ya umeme linaouweza. Nilimpigia mwenye gari. Alipokea mara moja, na hilo ninampongeza, kisha akasema kwa utulivu ulioniudhi kuliko kosa lenyewe, "Ahaa, kuna transfoma chini ya kiti cha nyuma, mnapitishia hapo." Tuliondoa mizigo yote, tukakuta kisanduku kizito cha kupunguza umeme, cha wati 1,500, kimefungwa ndani ya taulo. Kifaa kipo, kinafanya kazi, na kwa kweli ni kizuri. Lakini kukificha chini ya kiti, kufunga plagi inayoingia kwenye soketi yoyote ya nchi hii, kisha kumwambia mteja achomeke tu, hapo sina namna ya kumtetea.

Waya wa kuongezea ulikuwa umezungushwa kwenye gurudumu lake dogo la kuviringishia, na mume wangu alitaka kuuvuta kiasi tu cha kutosha. Tuliukunjua wote, kwa sababu waya uliobaki umeviringishwa hukosa pa kutolea joto, na ukibebeshwa mzigo mkubwa unaweza kuyeyuka.

Hata baada ya hapo tulipata fumbo jingine dogo. Birika letu la umeme la wati 2,000, tulilolinunua Kariakoo, lilikaa zaidi ya dakika 20 kwenye soketi ya ndani ya gari likitoa mlio wa kukwaruza tu, bila kuchemka. Halikuwa limeharibika. Birika la volti 230 likipewa volti 100 hubakiwa na takriban moja ya tano ya nguvu zake, kwa hiyo lilikuwa likifanya kazi kama birika la wati zisizofika 400. Chaja za simu hazikupata tabu, kwa sababu nyingi zimeandikwa kwamba hupokea kuanzia volti 100 hadi 240. Tangu hapo chai yetu ilichemshwa nje, kwa jiko la mtungi wa gesi wa kilo 6, chini ya turubai na si ndani ya gari, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya sakafuni, mahali ambapo ndipo penye kitanda cha watoto.

Turubai lilifungwa usiku, kwa mwanga wa simu. Vigingi vilivyokuja na gari ni vyembamba na vilichomoka kila upepo ulipovuma, kwa sababu vimeundwa kwa ajili ya udongo. Mzee wetu alileta viroba viwili vya unga vilivyokwisha kazi, akatuambia tuvijaze mchanga, tufunge kamba shingoni na kuvifukia kwa kina cha kufika magotini. Havikutikisika tena mpaka Jumapili.

Tulikula saa moja na nusu, wali wenye mchanga.

Jumamosi tulikwenda Kimbiji kununua samaki, na hapo utauona udhaifu mmoja wa gari-nyumba ambao watangazaji huupitia juu juu: ukitaka kwenda dukani, nyumba nzima inakwenda dukani. Kila kitu hukunjwa, hufungwa na kupangwa upya. Lakini safari hiyo pia iliijaza betri, jambo lililotusaidia. Betri ya ndani ni ya ampea-saa 100, ya aina ya risasi na asidi, ambayo si vizuri kuitumia zaidi ya nusu, na friji ikifanya kazi mchana kutwa na usiku kucha huimaliza nusu hiyo kwa takriban siku moja. Asiyetaka kuchomeka umeme wa kambi ajue kwamba ana siku moja, kisha lazima aendeshe.

Tuliporudi jioni hakuna aliyeshuka na chombo mkononi. Mimi nilitembea kwanza nikatazama mstari wa mwani, ambao kweli ulikuwa umesogea juu, na umbali wa nguzo ya umeme. Mbao tulikuwa tumeziacha zilipokuwa, kwa hiyo gari lilipanda mara moja. Sahani ya maji, breki, kabari. Mume wangu alitoa transfoma, akaunganisha upande wa gari kwanza na nguzo mwisho, huku binti yetu akifunga kamba za turubai kwenye viroba. Mdogo wake alibadilisha madumu mawili ya lita 20 yaliyo chini ya sinki, moja la maji safi tuliyotoka nayo nyumbani, kwa kuwa maji ya visima vya maeneo hayo ya pwani mara nyingi yana chumvi, na jingine la maji machafu, ambalo hulimwagi popote upendapo. Kitanda kilitandikwa mwisho, na vyandarua vya madirisha vikafungwa kabla ya taa kuwashwa. Nilitazama saa: dakika 25, na samaki walikuwa bado wana baridi.

Kwa shilingi 250,000 kwa usiku, godoro safi, friji inayogandisha na injini isiyosumbua, ningelikodi tena, na nimemwambia mwenye gari hivyo. Nimemwambia pia abandike maandishi makubwa ya "VOLTI 100, PITISHA KWENYE TRANSFOMA" kwenye plagi yenyewe, si kwenye karatasi, anunue pimamaji la shilingi elfu chache, na akabidhi gari akianzia nje kwenye magurudumu badala ya redio. Alisikiliza, akaniandikia ujumbe wiki iliyofuata wenye picha ya kibandiko chekundu. Dhamana yangu aliirudisha yote isipokuwa shilingi 15,000 za kabari moja tuliyoisahau mchangani, na hizo ni haki yake.