Paipu za breki zimeliwa na kutu kwenye pikapu ya zamani, ununue zipi?

Kama pikapu yako ni ya miaka mingi na ukipitisha kidole kwenye paipu za breki kutu inabanduka kama magamba, basi usibadilishe kile kipande kinachovuja tu, maana zote zimezeeka pamoja, ukiziba hapa kesho inapasukia pale. Chungulia hasa chini ya klipu na juu ya ekseli ya nyuma, tope huwa linakaa huko.

Namba moja kwangu ni kopa-nikeli, yaani shaba iliyochanganywa na nikeli, na sibishani na mtu. Hailiwi na kutu kama stili, unaikunja kwa mkono tu, kupanua mdomo wake ni rahisi, na Volvo walishaanza kuifunga tangu miaka ya 70. Bei iko juu kidogo ila utafanya kazi mara moja. Pima njia yote kwa kamba kwanza ndo ununue rola la paipu.

Pili ni stili yenye koti la plastiki, bei nafuu na imara, ila koti likikwaruzika wakati unakunja kutu inaanzia hapohapo. Tatu zile seti zilizokunjwa tayari, zinamfaa asiye na vifaa, shida inakuja kuipitisha juu ya tangi bila kunyanyua bodi, unaishia kuikunjua na kuikunja upya, sasa ulilipia nini? Stenlesi naiweka mwisho kabisa: haiozi kirahisi lakini ni ngumu, mdomo usipokaa sawa inavuja na utakaza nati mpaka uchoke.

Kopa tupu kama ya friji usiguse kabisa, mtikisiko unaichosha inapasuka. Na zile fitingi za kubana za mabomba ya maji, hapana jamani, hiyo ni breki!

Kabla hujalipa beba kipande cha zamani na nati zake. Nyingi ni milimita 4.75, yaani inchi 3/16, lakini zipo nene zaidi. Mdomo nao uangalie, kuna uliokunjwa mara mbili kwa digrii 45 na kuna wa uyoga, uliovimba kama kofia ya uyoga, haviingiliani. Nati ya M10x1 na ya inchi 3/8 zinafanana sana kwa macho, ukilazimisha unaua nyuzi za masta silinda, ile pampu kuu ya breki. Chukua pia spana ya nati za paipu na mafuta ya breki chupa mpya, iliyokaa wazi imeshanyonya unyevu. Na kama gari ina ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, usiache masta silinda ikauke, kutoa upepo kwenye pampu ya ABS mara nyingine kunataka mashine ya dayagnosisi.