Seti ya fimbo 10 za gofu kwa anaeanza, nimeitumia miezi minne

Aisee hii seti nimeipenda kweli, maana mi nilianza na fimbo za kuazima, zile zenye kichwa chembamba za wachezaji waliokomaa, kila nikikosa katikati mpira unatambaa chini chini na mikono inauma mpaka kwenye kiwiko. Hizi ayani (fimbo za kichwa cha chuma, zina namba) zina kichwa kipana, nyuma kumechimbwa na uzito umepelekwa pembeni, hivo hata ukigongea karibu na ncha ya kichwa, ule upande ulio mbali na mpini, mpira bado unapaa na unaenda mbele. Ayani namba 7 ndo naishika zaidi, na anaeanza namshauri akae nayo wiki kadhaa kabla hajagusa dreva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali.

Sheria inaruhusu kubeba fimbo 14 ila we huzihitaji zote sahizi, 10 zinatosha kabisa. Kilichonifurahisha hamna ayani namba 3 wala 4, badala yake wameweka haibridi, fimbo iliyo kati ya ayani na zile za kichwa kikubwa, ambayo ni rahisi mno kuinua mpira kwenye nyasi ndefu, na dreva uso wake umelala digrii 12 kwahiyo hulazimishi mpira kupanda. Mipini ni ya grafaiti, myepesi, hauchoki haraka.

Kasoro ni pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, nyepesi mno, kwenye mita mbili za mwisho mkono unatikisika nayo, hiyo nitabadilisha.

Alafu usinunue bila kushika jamani, simama kama unataka kupiga, ukiona ncha ya kichwa imenyanyuka juu huku kisigino cha kichwa, upande wa mpini, kinagusa chini, omba saizi fupi.