Kung'oa Jino au Kutibu Mzizi Wake

Gego likioza hadi kwenye kiini, yaani sehemu laini ya ndani yenye neva, kulijaza juu juu hakutoshi tena, na mgonjwa hubaki na njia mbili. Kung'oa ndiko kwa haraka: ganzi huchomwa, jino hulegezwa na kutolewa, kisha mgonjwa huuma shashi ili damu igande shimoni. Bonge hilo la damu halipaswi kuguswa, na kwa hiyo kusukutua kwa nguvu na kuvuta sigara hukatazwa, kwani likitoka mapema mfupa huachwa wazi na maumivu yake hushinda yale ya awali.

Kutibu mzizi huchukua muda mrefu zaidi, pengine ziara mbili au zaidi, kwa sababu gego huwa na mifereji mitatu au minne ndani ya mizizi yake, ambayo daktari huisafisha mmoja mmoja kwa vijisindano vyembamba, akipima urefu wake kwa picha ya eksirei, kabla ya kuijaza na kulivika jino kofia. Wengi huiogopa kazi hii, ingawa kwa kawaida ganzi huifanya iwe karibu sawa na kuziba jino.

Kung'oa huonekana rahisi siku ile tu. Pengo lisipozibwa, meno ya jirani huinama kulielekea, na meno bandia ya kuvaa na kuvua, daraja (jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani) au kipandikizi (jino bandia linalokitwa mfupani) huwa gharama nyingine. Kwa maoni yangu, jino lenye ukuta imara liokolewe. Lililopasuka hadi mzizini ling'olewe.